Nyota tatu: mbili za vyoo, moja ya mwalimu wa hesabu

Shule ninayoipima hapa ni ya msingi, ya serikali, katika mji mmoja wa barabara kuu iendayo mpakani, mashariki mwa Uganda, mahali malori yanapolala. Jina silitaji. Binti yangu yuko P7, yaani darasa la saba, mdogo wake P3, na wahenga walishatukanya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Jambo jingine mlijue mapema: mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka 14 nilishona sare za shule hii, na tangu uongozi wa sasa uingie sishoni tena, sare zinauzwa ofisini. Kwa hiyo mkiona mahali nimeng'ata sana, pengine ni tumbo linaloandika. Ila vyoo nimevipa nyota mbili nzima, na hakuna atakayesema nimehongwa na choo.

Tuanze navyo. Shule zilipofunguliwa Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili ya kufungwa kwa sababu ya korona, vyoo vya zamani vilikuwa vimetitia. Upande wa wasichana ukuta ulikuwa umelalia shimo. Wasichana wa P6 na P7 wakawa wanavuka barabara kuu, katikati ya malori, kwenda kuomba choo kwa mama mmoja mwenye hoteli, shilingi 200 kila safari. Siku ambayo 200 haikuwepo, walibaki nyumbani. Leo kuna matundu 8 mapya. Manne ya wasichana yana milango inayofungwa kwa ndani, kuna chumba kidogo cha kuogea kwa walio katika siku zao, na tangi la lita 10,000 linalokinga maji ya mvua kutoka paa la P5. Sabuni huwepo mpaka Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ni maji matupu, lakini maji yapo. Binti yangu hakukosa hata siku moja muhula uliopita. Asiyewahi kuwa na binti wa miaka 12 atasema choo ni choo.

Nyota ya tatu ni ya mwalimu wa hesabu wa P6 na P7, kijana mmoja wa kabila la Wateso, mwembamba, mwenye baiskeli isiyo na breki. Siku moja alikuja kibandani kwangu kuazima tepu za kupimia. Nilimpa sita. Jioni binti yangu akarudi akipima kila kitu: mlango, kitanda, mgongo wa mamake, akigeuza sentimita kuwa mita na mita kuwa sentimita kama mtu anayebadilisha fedha pale mpakani. Tepu zilirudi zote, zimekunjwa. Mwaka alioanza kuishika P7, waliopata divisheni ya kwanza kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, walikuwa watatu, na mwaka uliofuata wakawa tisa. Nilihesabu mwenyewe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa ofisi, kidole kikifuata majina. Mtihani ule ni wa masomo manne, Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii, na katika hayo manne ni hesabu lililokuwa likiwazamisha wetu. Kijana huyu aliletwa na uongozi huu mpya. Haki yao nawapa.

Sasa zile nyota mbili zilizokosekana kutimia tano.

P1 sitaieleza sana. Watoto 140, mwalimu mmoja, mwanamke mwenye sauti iliyokauka. Hiyo ni hali ya shule nyingi za UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na si kosa la mtu aliyepo leo. Tangu 1997, serikali ilipofungua milango ya shule za msingi bila ada, wanafunzi nchini walitoka takriban milioni 3 wakapita milioni 5 kwa mwaka mmoja, na madarasa yetu hayajawahi kuufikia umati huo. Mwenye uwezo ampeleke mtoto kwingine kwa P1 na P2, kisha amlete hapa baadaye.

Chakula ni posho, yaani ugali, na maharage, uji saa nne. Posho imeiva, maharage yana mawe machache kuliko zamani. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 inasema chakula cha mtoto ni jukumu la mzazi, hilo tunalijua na hatujalilalamikia. Tulikuwa tunalipa 45,000 kwa muhula. Mwaka jana, Jumapili usiku, simu za wazazi wote zikalia kwa ujumbe mmoja: chakula sasa ni 70,000, mwisho wa kulipa Ijumaa. Hakuna maelezo. Bei ya mahindi sokoni wiki ile niliijua, maana mke wangu anauza unga.

Jumatatu nikafunga kibanda, nikavaa shati la Ijumaa, nikaenda. Karani wa mbele, binti mpole aliyesomea hapohapo, ambaye sare yake ya P1 niliishona mimi, aliniuliza:

"Mzee, umekuja kama nani?"

Nikamwambia nimekuja kama mzazi.

"Wazazi watapata ujumbe kwenye simu."

"Nimeshaupata. Ndiyo nauliza."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli, akanyoosha kidole kwenye sanduku la maoni ukutani. Sanduku lina kufuli. Kufuli lina kutu. Nikamwuliza ufunguo uko kwa nani, akasema atauliza.

Hiyo "kama nani" nimeilalia miezi mingi, kwa sababu mwaka 2019 nisingeulizwa. Mwaka 2019 nilikuwa mmoja wa wazazi wawili kwenye kamati ya shule. Sheria ndivyo ilivyopanga: waliouanzisha msingi wa shule wanateua watu sita, mwenyekiti miongoni mwao, na wazazi wanachagua wawili wao kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Wawili si wengi. Lakini mtazame jinsi tulivyochaguliwa. Mkutano ulikaa katika darasa la P7, wengine wamejaa madirishani, na kura ilipigwa kwa mstari, kama zilivyopigwa kura za LC1, baraza la kijiji, mwaka 2018: wagombea wanasimama nje, kila mzazi anakwenda kusimama nyuma ya mtu wake. Mstari wangu ulikuwa na watu 61. Mstari wa mwenzangu, mama mmoja mwuza samaki, ulizunguka jengo la P3 mpaka ukarudi kwa mbele, watu wakacheka. Hakuna siri katika kura ile, hilo ni kweli, na jirani yangu wa kibanda hakusimama nyuma yangu, jambo ambalo sijalisahau. Lakini kesho yake kila mtu mjini alijua pa kuleta kero. Nilikuwa napima kiuno cha mtu huku ananieleza kuhusu mwalimu mlevi.

Na kikao chote kilikwenda kwa Kiswahili. Mji wetu una Wasoga, Waganda, Wateso, Wajapadhola, Wanubi, na wake wa madereva waliotoka Kenya wakabaki. Kingetumika kingine, nusu ya chumba ingekaa kimya. Barua za sasa zinakuja kwa Kiingereza tu, na bibi zetu wanazileta kibandani niwasomee. Tena ni mwaka 2022, mwaka ulioingia uongozi huu, ambapo baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni!

Kamati yetu siitetei. Hajji mwenyekiti, Mungu amrehemu, alikuwa na tabia ya kusinzia kwenye ajenda ya pili. Mweka hazina aliweka daftari la mahesabu kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake, na mkitaka kuliona mlisubiri mkewe arudi sokoni. Mwanzoni mwa 2019 tulinunua mifuko 40 ya saruji kwa ajili ya vyoo. Mifuko 40 iliingia getini, mifuko 40 ikaandikwa, na choo hakikujengwa. Tulipofungua stoo tulikuta 12 imegeuka mawe. Iliyobaki ilikuwa imekuwa baraza ya nyumba ya mtu, na sote tulijua baraza gani, tulikuwa tunapita mbele yake tukienda msikitini.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana kwenye barua iliyokuja baadaye kutuvunja hakikuingia. Kwenye mkutano wa wazazi yule mama mwuza samaki alisimama, akataja idadi ya mifuko, akataja na rangi ya baraza. Jamaa alitoa jasho mbele ya watu mia mbili. Aliahidi kurudisha kidogo kidogo, na akarudisha kweli, mifuko 17, mmoja mmoja na miwili miwili, kwenye bodaboda. Machi 2020 korona ikafunga shule, malipo yakasimama, mvua ikaumaliza ukuta wa choo. Tulikuwa wazembe, ndiyo. Lakini wazembe waliokuwa wakikamatana.

Julai 2022 yakaja magari mawili. Barua ikasomwa: kamati imesimamishwa kwa usimamizi mbovu, na shule itaongozwa na kamati ya muda ya watu watano, kwa miezi sita. Watano hao waliteuliwa na wakubwa. Mmoja ni mhasibu mstaafu, mtu safi kwa ninavyomjua. Wengine wawili sijawahi kuwasikia sauti. Hakuna mzazi aliyepewa kura, na hata wazee wa msikiti, waliouanzisha msingi wa shule, viti vyao vilikwenda na sisi. Miezi sita ile inakata mwaka wa tatu.

Kwa wazee wale liliuma kwa namna yake. Babu yangu, Mnubi, mwashi, alikuwa miongoni mwa waliofyatua matofali ya jengo la kwanza, enzi ambazo shule za Waislamu ziliendeshwa kwa sadaka na kwa juhudi za watu kama Prince Badru Kakungulu, kiongozi wa Waislamu, na UMEA, chama cha elimu cha Waislamu wa Uganda. Baada ya uhuru wa 1962 serikali ilizichukua shule za dini zote, za misheni na zetu. Babu alikasirika mwezi mmoja, kisha akaona walimu wanalipwa kwa wakati, akanyamaza. Lakini serikali ile ilipochukua mishahara na mitihani iliwaachia waanzilishi kiti, na baadaye wazazi wakapata viti vyao. Ulikuwa mgawanyo ambao mtu anaweza kuishi nao. Wenye magari mawili walichukua na viti.

Watu wa Kampala watanicheka, wataniambia hayo wameshayaona. Mwaka 2011, sheria ya 2010 ya KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ilipoanza kazi, jiji lilikwenda kwa serikali kuu. Jennifer Musisi akateuliwa kuwa mkurugenzi mtendaji, na Erias Lukwago, aliyechaguliwa na watu kuwa meya, akabaki na mkufu wa umeya. Barabara zikatengenezwa, taka zikazolewa, na wawili hao wakavutana mpaka mahakamani. Ukimwuliza dereva wa teksi atakusifia barabara. Ukimwuliza mchuuzi aliyefukuzwa kwenye hizo barabara atakupa jibu jingine.

Na kama mnadhani ni mambo ya Afrika, mpwa wangu anaendesha malori Houston, kule Texas, na watoto wake wanasoma shule za serikali. Juni 2023 serikali ya jimbo iliiweka kando bodi ya shule iliyochaguliwa na wakazi, watu tisa, ikateua tisa wengine na mkuu mpya, Mike Miles. Sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa sekondari moja, Wheatley, iliyokuwa ikipata alama mbaya miaka mfululizo, pamoja na sheria ya 2015 iliyoruhusu shule moja iangushe bodi nzima. Mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nane, nikausikiliza nikipiga pasi. Alama za mitihani zilipanda, anasema, na hakatai. Walimu wengi waliondoka, na katika shule kadhaa maktaba zilifungwa, nafasi zake zikawa vyumba vya kuwapeleka watoto wanaosumbua darasani. "Mjomba, nilikuwa na mtu wa kumpigia kura nikikasirika," akaniambia. "Sasa nina namba ya simu ya kubonyeza moja, mbili, tatu."

Kisha Novemba 2024 wakubwa wale wakahitaji wananchi waidhinishe mkopo wa dola bilioni 4.4 wa kujenga na kukarabati shule. Hiyo kura haikuwa imeondolewa. Wakazi wakaukataa. Majengo yalikuwa mabovu kweli, mpwa wangu anayajua, na yeye mwenyewe alipiga kura ya hapana.

Nilicheka peke yangu kibandani, kwa sababu sisi tulifanya vilevile bila kuwa na sanduku la kura. Uongozi uliomba kila mzazi atoe 20,000 za kujenga ukuta kuizunguka shule. Mchango wa hiari, maana kwenye UPE sheria hairuhusu kutoza ada. Ukuta unahitajika, barabara iko pale, mtoto wa P2 aligongwa na bodaboda mwaka jana akavunjika mguu. Katika enzi ya Hajji aliyesinzia tungechanga, huku tunamtukana. Safari hii, kwa mhasibu mstaafu na tangi lake la lita 10,000, ukuta umefika goti upande mmoja ukasimama. Hakuna aliyeitisha mgomo. Kila mmoja amesema tu, "Nitaleta." Nami nimesema, na niliposema hivyo nilimfikiria yule wa P2, sikulala vizuri.

Kilichonifanya niandike haya ni karatasi aliyokuja nayo mdogo wa P3 wiki mbili zilizopita. Juu imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni fomu ya kupima kuridhika kwa mteja. Chini yake kuna nyuso tano, wa kwanza analia, wa tano anacheka meno yote nje, na unaweka alama: usafi, chakula, usalama, mawasiliano. Mteja. Kwa hiyo jibu la yule karani ndilo hili, nimepewa kwa maandishi nilikuja kama nani. Mteja wangu mimi asipopenda suruali hunilipa nusu akaenda kwa fundi wa pili, na fundi wa pili yuko mlango wa nne. Shule ya pili ya serikali iko kilomita sita, ng'ambo ya kinamasi. Na babu wa mteja wangu hakufyatua matofali ya kibanda changu.

Niliijaza hata hivyo. Usafi, uso wa tano. Chakula, wa tatu. Usalama, wa pili, kwa sababu ya barabara. Mawasiliano niliweka wa nne, kwa haki, ujumbe wao unafika haraka. Nilitafuta mahali pa kuandika kuhusu 70,000 nikakosa, nikageuza karatasi nikaandika kwa nyuma, kwa Kiswahili: mahesabu ya chakula ya muhula uliopita yabandikwe pale mlangoni wanapobandika matokeo. Sijajibiwa.

Kwa anayefikiria kumleta mtoto: mwalimu wa hesabu muwahi kabla hajahamishwa, wazuri hawakai. Vifaa vya mwanzo wa muhula ni fagio mbili, karatasi za chooni nne, na rimu moja ya karatasi kwa wa P7. Ukilipa chochote dai risiti, risiti wanatoa. Sare ofisini ni 48,000. Mimi nilikuwa nashona kwa 28,000, lakini hilo nimeshawaambia mlipime mnavyotaka. Kitambaa chao ni kizuri kuliko changu, tetroni nzito. Mishono ndiyo shida: kingo hazikupigwa ovaloki, na kwapa linaachia baada ya kufuliwa mara ya tatu. Najua kwa sababu zinaletwa kwangu, jioni jioni, kama watu wanaoleta kitu cha wizi. Nashonea 1,000 kila kwapa.

Juzi alikuja mmoja wa wale watano, mwenyewe, na gauni la mjukuu wake ndani ya mfuko wa plastiki mweusi. Mzee mtaratibu. Alikaa kwenye benchi wakati napitisha cherehani, tukaongea mvua. Nilipomaliza nikamwuliza, kwa heshima zote, mkutano wa wazazi utakuwa lini. Akalikunja gauni mara mbili, akasema na yeye amekuwa akijiuliza, atawauliza wakubwa. Akaniachia elfu tano kwa kazi ya elfu mbili, akaondoka kabla sijapata chenji.